Nani Anafanya Nini? Mwongozo wa Kukagua Jinsia Katika Kitabu cha Kiswahili cha Darasa la Chini

Maswali ni yale yale. Yanatoka kwa walimu wa darasa la kwanza na la pili, kwa wanachuo wa ualimu wanaosaka mada ya utafiti, na kwa waandishi wanaoanza kuandikia watoto. Nianzie wapi? Nihesabu picha au majina? Sungura na fisi nao wahesabiwe? Na lile linaloulizwa kuliko yote: Kiswahili hakina "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume, sasa upendeleo utaingilia wapi?

Hilo la mwisho ngoja nilijibu kabisa, maana ndilo linalowafanya watu wasikague. Ni kweli, "anapika" haisemi ni nani. Lakini mtoto wa darasa la pili hakutani na "anapika" likiwa peke yake. Anakutana nalo chini ya picha, baada ya jina, au likiwa limetanguliwa na mama, baba, kaka au dada. Sarufi yetu inapokaa kimya, mchoraji ndiye anayeamua, na mchoraji asiyepewa maelekezo huchora alichozoea kuona. Kwa hiyo katika kitabu cha Kiswahili tunaanzia kwenye picha na vitenzi. Nadharia inatosha hapo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kitabu kizima, kuanzia jalada la mbele hadi la nyuma. Usikague sura moja uliyoipiga picha kwa simu. Kwa Tanzania, vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) vinapatikana pia kwenye maktaba mtandao yake.
- Kiongozi cha mwalimu (Kenya wanakiita mwongozo wa mwalimu) cha kitabu hicho hicho. Mara nyingi majibu "sahihi" ya mazoezi yamefichwa humo.
- Daftari la mistari au lahajedwali kwenye kompyuta.
- Mtu wa pili. Mtu mmoja akikagua peke yake huona anachotafuta.
- Muda. Tenga siku mbili tulivu, usijaribu kumaliza kati ya vipindi.

Programu maalumu huhitaji. Kujumlisha na kugawanya kunatosha.

Hatua kwa hatua

1. Kitambulishe kitabu. Andika jina, darasa au gredi, toleo, mwaka wa kuchapwa, mchapishaji, na kama ni cha kiada au cha ziada. Hili linaonekana dogo mpaka utakapopeleka maoni kwa mchapishaji na kuambiwa toleo ulilolikagua lilishabadilishwa. Tanzania ilianza kutumia mitaala iliyoboreshwa mwaka 2024, na Kenya ilianza mtaala wa umilisi kwa madarasa ya chini mwaka 2019, hivyo kwenye makabati ya shule matoleo ya zamani na mapya yamechanganyika.

2. Kisome chote bila kuhesabu chochote. Soma kama mtoto angekisoma, picha kwanza. Ukimaliza, funga kitabu na uandike wahusika watatu unaowakumbuka na walichokuwa wakifanya. Karatasi hiyo iweke pembeni, utaihitaji kwenye hatua ya 9.

3. Chora jedwali. Safu zinazotosha ni hizi: ukurasa, sehemu (picha, kifungu, mazungumzo, zoezi), jina, jinsi, umri (mtoto, mtu mzima, mzee), kitendo, mahali, anasema au hasemi. Kwenye jinsi tumia KE na ME kama fomu zetu zinavyofanya, na uongeze HJ kwa maana ya haijulikani. Mstari mmoja utaonekana hivi:

uk. 14 / picha / Asha / KE / mtoto / anafagia / uani / hasemi

Kabla ya kuendelea, wewe na mwenzako mkubaliane kanuni kwa maandishi. Mhusika anayejirudia kwenye picha tano anahesabiwa mara ngapi? Mimi huhesabu mara tano, kwa sababu mtoto humwona mara tano. Umati uliopo nyuma ya uwanja wa mpira? Wahesabu wale tu wenye sura inayoonekana. Kanuni zikitungwa katikati ya kazi, jedwali zima linaharibika.

4. Hesabu watu kwenye picha. Hapa wengi wanateleza kwa kubahatisha jinsi. Shule nyingi za msingi za umma za Bara wasichana hunyolewa nywele kama wavulana, hivyo usitegemee kichwa, tazama sketi na kaptula. Kwenye picha za Pwani na Visiwani kuna mtandio na kofia. Tazama pia mchoraji anavyowatambulisha wasichana. Kama kila msichana ana hereni na utepe hata anapolima, andika hilo pembeni. Sare zikifichwa na meza na jina halipo, weka HJ na uendelee.

Jalada lihesabu peke yake. Ndilo ukurasa unaotazamwa kila siku.

5. Hesabu majina. Juma na Asha hawasumbui. Wanaosumbua ni Amani, Baraka, Furaha, Tumaini, Riziki, Bahati, Zawadi na Imani, ambao wanaweza kuwa yeyote. Kama picha au maandishi hayasemi, ni HJ. Majina ya makabila yana alama zake: Atieno (KE) na Otieno (ME), Chepkemoi (KE) na Kiprono (ME). Usipoijua alama, muulize mwenye lugha, usikisie.

Angalia jambo lingine hapo hapo: nani ana jina na nani hana. Ukikuta "Mzee Hamisi na mkewe", au "Daktari Mushi" anayehudumiwa na "muuguzi", andika. Mama anayeitwa "Mama Juma" kitabu kizima huo ni utamaduni wetu na ni heshima, sina ugomvi nao. Lakini kama baba ana jina lake na mama analo la mwanawe tu, mstari huo uwekee alama.

6. Andika vitendo. Hii ndiyo kazi yenyewe. Ukiwa na nafasi ya kufanya hatua moja tu, fanya hii.

Kwa kila mtu uliyemhesabu, andika kitenzi kimoja. Kisha vipange vitenzi kwenye mafungu: kazi za nyumbani, kazi ya kipato, kusoma na kufikiri, kucheza, kuongoza au kuamua, kuhudumia wengine, kutazama tu, kulia au kuogopa.

Chukua ukurasa ambao karibu kila kitabu kinao, "Familia yetu". Baba anasoma gazeti kibarazani. Mama anapika. Dada anafagia uwanja. Kaka anapiga mpira. Ukihesabu vichwa, KE wawili na ME wawili, hakuna wa kulalamika. Ukihesabu vitenzi, wa kike wote wako kazini na wa kiume wote wamepumzika. Idadi sawa ndiyo pazia linalotumika zaidi kuficha upendeleo, na waandishi wengi hawajui kuwa wamelivuta.

Baada ya hapo rudi kwenye sentensi na utazame vitu vitatu ambavyo ni vya Kiswahili chenyewe.

Kwanza, hu- ya mazoea. "Mama hupika, baba huenda kazini" inafanya jambo liwe kanuni ya dunia. "Mama anapika" ni picha ya leo tu. Zihesabu sentensi zenye hu- peke yake.

Pili, udhuru. "Leo baba anapika kwa sababu mama amesafiri." Mwandishi alidhani amesawazisha mambo, kumbe ameeleza kuwa baba kuingia jikoni kunahitaji sababu. Mama akipika haandikiwi sababu. Kila "leo", "siku moja" na "kwa sababu" inayofuatana na kitendo kisichozoeleka ipigie mstari.

Tatu, "kumsaidia". Baba "anamsaidia mama" kuosha vyombo: vyombo vimebaki kuwa vya mama. Baba "anaosha vyombo" ni sentensi nyingine kabisa, na ni fupi zaidi kwa mtoto kusoma.

Usiwasahau wavulana. Katika vitabu vingi mtoro, mvivu na anayechapwa au kukemewa ni mvulana. Mvulana anayembeba mdogo wake mgongoni au kulia kwa kufiwa na mbuzi wake ni nadra. Hilo nalo ni jambo la kuandika, ingawa wakaguzi wengi hulipita kwa sababu walikuja kuwatafuta wasichana.

7. Pima mazungumzo. Hesabu nani anaanza, nani ana mistari mingi, na muhimu zaidi nani anauliza na nani anajua. Dada akiuliza "Hiki ni nini?" na kaka akijibu sura hadi sura, darasa linafundishwa zaidi ya msamiati.

8. Pitia mazoezi ya lugha moja moja. Watu hukagua hadithi wakaacha mazoezi, ilhali zoezi ndilo mtoto analolinakili kwa mkono wake na kupewa alama ya vyema.

*Kujaza nafasi.* "____ anapika ugali (Baba/Mama)." Kwa sarufi majibu yote mawili ni sahihi. Fungua kiongozi cha mwalimu uone lipi limeandikwa. Kama ni moja tu, zoezi halikupima Kiswahili.

*Msamiati wa kazi.* Mwalimu, mpishi, rubani, dereva, mkulima, mshonaji, mvuvi, fundi: maneno hayo hayana jinsi, picha ndiyo inayoyapa. Tengeneza orodha ya kazi zote na mbele yake KE au ME. Tazama mkulima hasa. Kwenye mashamba ya Afrika Mashariki wanawake wamejaa, lakini mkulima wa kitabuni mara nyingi ana kofia pana na ndevu. Kuna pia maneno yenye jinsi ndani yake, kama bwana shamba na bwana afya. Afisa ugani na afisa afya yapo na yanatumika maofisini, hakuna haja ya kutunga neno.

*Kauli ya kutendwa.* Orodhesha nani mtenda na nani mtendwa. Ukikuta wa kike ndiye anayetumwa, anayefundishwa, anayeokolewa na anayeolewa katika sentensi zote za mfano, umepata kitu cha kuandika. Usipendekeze "Asha amemwoa Juma", watoto watacheka na mhariri atalitupa karatasi lako. Pendekeza vitenzi vingine, viko maelfu.

*Vinyume.* Mama na baba, kaka na dada, mvulana na msichana ni jozi za ukoo na jinsi. Vikiwekwa kwenye zoezi la vinyume pamoja na moto na baridi, mtoto anaambiwa kuwa hao wawili hawawezi kukutana. Pendekeza vihamishiwe kwenye somo la ukoo, wanakokaa shangazi, mjomba na ami.

*Mfano wa barua rasmi.* Tazama mwalimu mkuu au mkurugenzi anayeandikiwa. Akiwa "Bw." kila mara, weka alama.

9. Methali, hadithi na wasifu. Kwa methali nenda taratibu. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" ni urithi, na anayetaka ifutwe atakuwa amekosa kazi. Jiulize badala yake: methali za kitabu hiki zimechaguliwaje? "Mwana umleavyo ndivyo akuavyo" inamhusu mzazi yeyote. Je, nayo ipo?

Wanyama wahesabu kwenye jedwali lao. Wengi ni HJ mpaka mwandishi aseme Bwana Simba au Mama Kuku, au mchoraji amvalishe kobe kanzu. Andika pale tu alama inapoonekana.

Wasifu wa watu halisi huhesabika haraka. Ukikuta wote ni wanaume, usiseme "waongezwe wanawake" ukaishia hapo, taja nani na aingie sura gani. Bibi Titi Mohamed anakaa vizuri kwenye kifungu cha kupigania uhuru, Mekatilili wa Menza na upinzani wa Wagiriama wa 1913 kwenye kifungu cha historia, Siti binti Saad aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili kwenye sura ya muziki, Wangari Maathai aliyepata Nobeli ya Amani mwaka 2004 kwenye sura ya miti na mazingira. Kisanduku kimoja cha mwisho wa kitabu chenye kichwa "Wanawake mashujaa" hakitoshi. Mwishoni mwa muhula ndiko kurasa zisizofikiwa ziliko.

Sasa itoe ile karatasi ya hatua ya 2. Kama wahusika uliowakumbuka bila kuhesabu ni wa jinsi moja, au walikuwa wakifanya yale yale, weka jambo hilo kwenye ripoti. Hicho ndicho mtoto atakachobaki nacho.

10. Gawanya kabla ya kulinganisha. Kosa la kawaida ni kulinganisha idadi ghafi. Mfano wa kutunga: kitabu kina KE 58 na ME 62. Walioonyeshwa wakifanya kazi za nyumbani ni KE 34 na ME 9. Usiandike "34 dhidi ya 9". Gawanya 34 kwa 58, unapata karibu asilimia 59. Gawanya 9 kwa 62, unapata karibu asilimia 15. Hizo ndizo namba za kuwekwa mezani. HJ usizigawe nusu kwa nusu. Zitaje peke yake.

11. Andika mapendekezo yanayotekelezeka. Mhariri hawezi kufanya lolote na sentensi kama "kitabu kina mfumo dume". Anaweza kufanya kitu na hii: "uk. 14, picha: badilisha, kaka afagie, dada apige mpira, maandishi yasiguswe." Yapange kwa gharama. Kwanza kubadilisha jina ndani ya sentensi, ambako ni kazi ya dakika moja. Halafu kubadilisha jibu kwenye kiongozi cha mwalimu. Picha zinagharimu, zipange kwa umuhimu, jalada kwanza. Kuandika upya kifungu kizima kiwe cha mwisho.

Kwa kitabu cha kiada cha Tanzania, maoni yapeleke TET. Kwa cha ziada, nenda kwa mchapishaji, na uangalie ndani ya jalada kama kina ithibati ya Kamishna wa Elimu. Kenya, vitabu huidhinishwa na KICD, taasisi yao ya kukuza mitaala, lakini mchapishaji ndiye anayerekebisha, kwa hiyo anza naye. Ukiambiwa unaleta mambo ya kigeni, jibu kwa utulivu: Mkataba wa 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, kifungu cha 10, unataka vitabu vya shule virekebishwe ili kuondoa fikra mgando kuhusu wanaume na wanawake. Kenya iliuridhia 1984 na Tanzania 1985. Itifaki ya Maputo ya 2003, ambayo ni ya Waafrika wenyewe, inavitaja vitabu vya kiada kwenye kifungu cha 12.

Kitabu ndicho hicho na kesho una kipindi

Mwalimu haandiki kitabu upya, ila ubao ni wake. Nakili zoezi ukibadilisha majina, Juma akaoshe vyombo na Asha akarekebishe baiskeli, bila hotuba yoyote. Kwenye kujaza nafasi, kubali majibu yote yaliyo sahihi kisarufi. Kabla ya kufungua ukurasa wa kazi, waambie watoto wafumbe macho na wamfikirie rubani, kisha waulize amevaa nini na anaitwa nani. Watabishana wenyewe. Usimtumie mtoto mmoja kama mfano ("Neema, si wewe baba yako anapika?"), kwani utakuwa umemwaga siri ya nyumba ya watu mbele ya darasa.

Mambo yakikwama

*Wewe na mwenzako mmepata namba tofauti.* Kagueni kurasa kumi zile zile kila mtu peke yake. Mkitofautiana zaidi ya mara moja katika kila mistari kumi, kanuni zenu za hatua ya 3 zina mwanya. Rekebisheni kanuni, msipigiane kura.

*HJ zimekuwa nyingi mno.* Tazama ziko wapi. Zikiwa kwenye picha ndogo za pembeni, hakuna shida. Zikiwa kwenye maandishi, hiyo ni sifa ya kitabu, iseme hivyo. Ila waulize watoto wanne watano "huyu mwalimu ni wa kike au wa kiume?" na uandike wanavyojibu.

*Wasichana ni wengi kuliko wavulana, lakini bado kitabu kinaniudhi.* Rudi hatua ya 6. Wengi wakiwa jikoni, wingi wao umeongeza tatizo.

*Mwandishi anasema, "Ndivyo maisha yalivyo kijijini."* Mwombe aandike saa kwa saa siku ya mama mmoja wa kijiji anachokijua. Humo kutakuwa na shamba, gulio, kikoba, mkutano wa shule, pengine na ujumbe wa serikali ya kijiji. Kisha mwonyeshe mama wa kitabuni anayepika kuanzia jalada hadi jalada. Hakuna haja ya kumwambia asiandike mama anayepika. Aandike na saa nyingine zilizobaki.

*Wazazi wanasema unaharibu mila.* Waonyeshe kitabu chenyewe, usiwaonyeshe ripoti. Waulize nani kati ya walioko kwenye picha anafanana na binti yao anayesoma uuguzi, udereva au uhasibu. Wengine hawatakubaliana nawe, na ukaguzi wako utabaki na uzito ule ule.

*Kitabu ni cha zamani na hakitachapwa tena.* Usikitupe, shule nyingi hazina kingine. Bandika ndani ya jalada karatasi yenye namba za kurasa zenye shida na pendekezo la mstari mmoja kwa kila ukurasa, ili mwalimu atakayekipokea mwakani asianze upya.